Kabla ya Kubishania Vidonge vya Majira

Mama mkwe wangu aliikuta pakiti yangu ya vidonge vya majira, yaani vya kuzuia mimba, ndani ya kopo la majani ya chai. Ulikuwa msimu wa korosho, naye alikuwa ameteremka kutoka Newala kuja kututembelea Mikindani na kumwona mjukuu wake wa miezi sita. Alikaa juu ya mkeka, akaiweka pakiti mapajani, akaniuliza bila kupandisha sauti: "Mwanangu, hawa wajukuu zangu unawatoa wangapi kwa mwezi?"

Swali lile liliniuma, na lililoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemeza vidonge hivyo kwa karibu miezi mitano, kila usiku baada ya isha, bila kujua vinafanya nini mwilini mwangu. Unyagoni nilifundwa mengi kuhusu ndoa na usafi, lakini hili halikuwamo. Ndiyo maana namshauri kila mwanamke wa huku kwetu, pamoja na mumewe, ajue kwanza jinsi vidonge vinavyofanya kazi kabla ya kuingia katika ubishi wa halali na haramu, kwa kuwa ubishi mwingi ninaousikia Mtwara na Lindi unahusu jambo ambalo vidonge havilifanyi.

Kwa kawaida, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutoa homoni zinazoziamuru ovari kupevusha yai na kuliachia kila mwezi. Vidonge vya mchanganyiko vina homoni za aina mbili, estrojeni na projestini, zinazofanana na zile ambazo mwili hujitengenezea; tezi ile ikizikuta katika damu hupunguza amri zake, na yai halitoki. Projestini pia huufanya ute wa shingo ya kizazi kuwa mzito, hata mbegu za mwanamume zishindwe kupenya. Pasipo yai hakuna mimba, na pasipo mimba hakuna kinachotolewa. Hata mwanamke ambaye tayari ni mjamzito akivimeza bila kujua, haviitoi mimba yake.

Pakiti yangu ilikuwa na vidonge 28: vyeupe 21 vyenye homoni, na 7 vya kahawia vyenye madini ya chuma, ambavyo humezwa katika siku za hedhi ili mtu asipoteze mazoea. Mimi vya kahawia nilikuwa navitupa, kisha nachelewa kuanza pakiti mpya kwa siku mbili tatu, hasa tulipokuwa tunalala shambani kuokota korosho. Hakuna uchelewaji wa hatari kuliko huo, kwa sababu tezi inakuwa imekwisha kukaa siku 7 bila kuzuiwa na yai linaweza kuwa karibu kupevuka. Ukisahau kidonge kimoja, kimeze mara unapokumbuka, hata kama utameza viwili siku hiyo. Ukisahau viwili au zaidi, endelea kumeza na utumie kondomu kwa siku 7. Anayemeza kila siku bila kukosa ni nadra sana kushika mimba, lakini katika maisha ya kawaida ya kusahausahau, wanawake wapatao 7 kati ya 100 hushika mimba ndani ya mwaka mmoja. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini nayo hupunguza nguvu za vidonge, na hakuna kidonge kinachozuia Virusi vya UKIMWI.

Kosa jingine halikuwa langu. Nilipewa vidonge hivyo mwanangu akiwa na wiki tano, katika kituo ambacho sitakitaja, na aliyenipa hakuniuliza kama nanyonyesha wala hakunipima presha. Estrojeni inaweza kupunguza maziwa, na katika wiki za mwanzo baada ya kujifungua huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa. Mwenye presha ya juu, mwenye kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli, na mvutaji sigara aliyevuka miaka 35 hawapaswi kupewa vidonge vya mchanganyiko. Anayenyonyesha anavyo vidonge vyake, vyenye projestini peke yake, vinavyotaka kumezwa saa ileile kila siku. Mimi maziwa yalipungua, mtoto akawa analia usiku kucha, nami nikawa najilaumu kwamba sili vizuri.

Mjadala wa dini upo, na si wa kupuuzwa. Sisi Waislamu tunayo hadithi ya Jabir, kwamba masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, huku Qur'ani ikiendelea kuteremka. Wanazuoni wengi wamejenga juu yake ruhusa ya kuzuia mimba kwa muda, mume na mke wakiridhiana. Kwa Wakatoliki, ambao ni wengi upande wa Ndanda, Papa Paulo VI alifundisha mwaka 1968 kwamba kila tendo la ndoa libaki wazi kwa uhai, na akakubali kufuata siku za asili za mwanamke. Nauheshimu msimamo huo. Wapo pia wanaohofu kwamba vidonge huufanya ukuta wa mfuko wa uzazi kuwa mwembamba, ili yai lililoponyoka na kurutubishwa lisijishikize. Kazi kuu ya vidonge ni ile niliyoieleza, lakini anayeamini kwamba uhai huanzia kwenye kurutubishwa ana haki ya kuelezwa hofu hiyo waziwazi, kisha aamue.

Ninalolisikia mara chache ni swali la kama mwanamke mwenyewe ameambiwa ukweli. Vidonge vya kwanza vilijaribiwa kwa wanawake maskini wa Puerto Rico kuanzia mwaka 1956, vikiwa na homoni nyingi mno kuliko vya leo, na wanawake wale hawakuelezwa kwamba dawa ilikuwa bado katika majaribio. Waliolalamikia kizunguzungu na kichefuchefu hawakusikilizwa ipasavyo. Marekani iliviidhinisha mwaka 1960. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka benchi la kituo kile nililokalia na mtoto wangu wa wiki tano. Nilikumbuka pia lile kopo la chai, kwa kuwa mume wangu naye sikuwa nimemwambia. Anayeficha kwa kuogopa kipigo simlaumu hata kidogo. Mimi sikuwa na hofu hiyo, nilikuwa naona haya tu.

Wiki ile nilimweleza mume wangu, kisha nikaenda na mama mkwe katika zahanati nyingine. Nesi alinipima presha, akanibadilishia vidonge, akamweleza mama habari ya yai na ute hadi akaridhika kwamba sitoi mimba. Bado havipendi vidonge, na ana haki hiyo. Tulipokuwa tunarudi ndani ya bajaji, aliniambia kwamba alizaa watoto tisa akazika watatu, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza alitaka wangapi.