Jumba la kale Uingereza: nenda Little Moreton Hall, na anza kulitazama ukiwa nje

Ndugu mleta mada, umeuliza kama inafaa kutenga siku moja ya likizo yako ya Manchester kwenda kuona jumba la enzi za wafalme wa ukoo wa Tudor, waliotawala kuanzia 1485 hadi 1603, au kama ni kumaliza nauli kwa ajili ya vyumba vitupu. Mimi ninaishi huku kaskazini-magharibi mwa Uingereza na majumba ya namna hiyo nimeyazungukia, hivyo nakushauri uende, ila uende Little Moreton Hall, karibu na mji wa Congleton katika Cheshire.

Sababu ya kulichagua hili ni kwamba limebaki karibu kama lilivyojengwa. Familia ya Moreton ilianza kulijenga mwanzoni mwa miaka ya 1500 na kuendelea kuliongeza kipande kwa kipande kwa takriban miaka mia moja. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17, wakawa upande wa mfalme, upande ulioshindwa, na mali ikapungua. Asiye na fedha habomoi nyumba ya babu ili ajenge ya mtindo mpya. Kwa hiyo jumba lilidumu, na mwaka 1938 likakabidhiwa kwa National Trust, shirika linalolitunza hadi leo.

Ukishakata tiketi, usikimbilie mlangoni. Simama ng'ambo ya handaki la maji linaloizunguka nyumba na uitazame kutoka chini kwenda juu, utaona kwamba hakuna mstari ulionyooka: madirisha yameinama, kuta zimetokeza, na boriti za mwaloni zimepinda kana kwamba nyumba imelegea. Kilichoifanya hivyo ni ukumbi mrefu wa juu kabisa, wa mita 21 hivi, uliowekewa paa la mawe bapa mazito, na wenyewe wakautumia kutembea na kucheza siku za mvua, ambazo huku hazina uhaba. Uzito wote huo ulizikalia mbao za chini. Ukipanda humo utahisi sakafu inavyokwenda mrama, na inaaminika kwamba boriti zinazokatiza juu ziliongezwa baadaye ili kuta zisisukumwe nje. Nyuma ya mbao zilizofunika ukuta wa ukumbi huo iliwahi kukutwa mipira ya tenisi ya karne ya 17.

Kuta nazo zitakushangaza kwa kutokuwa ngeni. Katikati ya nguzo za mwaloni kuna fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, na mtu aliyekulia katika nyumba ya mbavu za mbwa atauelewa ujenzi huo kabla mwongozaji hajafungua mdomo. Rangi nyeusi inayopendeza pichani ni mtindo wa karne ya 19. Zamani mbao za aina hiyo ziliachwa zigeuke kijivu zenyewe.

Mimi hukaa zaidi uani, mbele ya madirisha makubwa ya mwaka 1559. Juu yake yamechongwa maandishi yanayomtaja William Moreton, mwenye nyumba, lakini yapo pia ya Richard Dale, seremala, anayesema kwamba madirisha hayo aliyatengeneza yeye kwa neema ya Mungu. Katika majengo mengi ya kale utamjua mwenye fedha tu. Ndani, usipite sebuleni bila kuona michoro ya ukutani ya kisa cha Susana, mwanamke wa kwenye Biblia aliyesingiziwa uzinzi, iliyogunduliwa mwaka 1976 nyuma ya mbao zilizokuwa zimeifunika, na ukipenda, uliza vilipo vyoo, maana vilimwaga moja kwa moja kwenye lile handaki la maji.

Kwa usafiri, panda treni hadi Congleton au Kidsgrove kisha uchukue teksi. Hakikisha kwanza kwenye tovuti kwamba siku hiyo wamefungua, hasa ukija majira ya baridi. Kama unafuatana na mzee, jua kwamba huko juu hufikiwa kwa ngazi tu, nazo ni nyembamba. Wazee wanaojitolea kukaa vyumbani ni wakarimu sana, ila hawaanzi mazungumzo, hivyo waulize wewe.