Uliza Fundi: Land Rover "ya jeshi", gari ya marehemu baba, na rangi ya madoadoa

SWALI: Fundi habari ya kazi. Niko Soroti, nimepata Land Rover ya zamani ile fupi, mwenye nayo anasema ni Series III ya jeshi, ati haina kutu hata kidogo kwa vile bodi ni ya alumini. Imepakwa rangi juzi, na chini imepigwa lami nyeusi safi kabisa. Anataka pesa kabla mwezi haujaisha, logibuku, kile kitabu cha umiliki wa gari, anasema iko kwa ndugu yake Kampala. Nichukue? Ama niagize nyingine kutoka nje?

JIBU: Ndugu yangu, usitoe hata shilingi ya kushikia gari mpaka umelala chini yake na tochi, nyundo ndogo na bisibisi. Hiyo lami mpya ndiyo inanipa wasiwasi kuliko kitu kingine chochote kwenye barua yako, maana inaweza kuficha kutu.

Bodi ni alumini kweli, hapo hajakudanganya. Land Rover ilitoka mwaka 1948 wakati Uingereza chuma kilikuwa kinagawiwa kwa mgao baada ya vita, kwa hiyo wakatumia alumini, na ndiyo maana unakuta gari ya miaka hamsini bado inang'aa juu kama sahani. Lakini chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, tena ni boksi lililo wazi ndani, na hapa kwetu ukipita barabara ya murram wakati wa mvua ule udongo mwekundu unaingia humo ndani unakaa na maji yake, chesisi inaoza kutoka ndani kuja nje, siku unaona tundu kwa nje ujue ndani kazi iliisha zamani. Pale alumini inapogusana na chuma pia kuna ugomvi, alumini inatoa unga mweupe na kuliwa taratibu.

Sasa fanya hivi. Anza nyuma kabisa, ile boriti ya chesisi inayopita chini ya mlango wa nyuma, gonga na nyundo kidogo kidogo. Chuma kizima kinalia, unasikia ngo, ngo, kinarudisha nyundo mkononi. Kilichooza kinajibu pwa, sauti imekufa, na hapo chukua bisibisi usukume kwa nguvu ya mkono tu, ikizama umepata jibu lako. Fuata chesisi mpaka mbele, gonga pale springi zinaposhikwa, gonga yale mabawa madogo yanayotoka kwenye chesisi kubeba bodi chini ya milango. Mwenye gari akikukataza kugonga ati utaharibu lami yake, mwambie asante urudi nyumbani.

Halafu inua kapeti mbele uangalie pale miguu ya dereva inapokaa na nguzo ambazo milango inashikia bawaba. Ule ukuta kati ya injini na dereva nao ni chuma, na kuutengeneza vizuri ni kazi kubwa kuliko injini. Naomba wasomaji wote mnielewe hapa: injini ya petroli ya 2.25 ya hizi gari ni rahisi, giaboksi inafunguliwa, breki ni dramu magurudumu yote manne, spea unazungukazunguka Kisekka, soko la spea pale Kampala, unapata au unapata kinachofanana, lakini chesisi iliyooza inakula pesa yako yote na bado gari haiendi sawa. Mafundi wa Katwe, huko huko Kampala, wanaweza kukukatia vipande vipya na kuchomelea, nimeona kazi zao nzuri sana, ila muambie fundi apime kwanza kama chesisi imenyooka kabla hajachomelea kitu, maana akichomelea ikiwa imepinda ameifunga ikiwa imepinda.

Kuhusu "ya jeshi": kila Land Rover ya kijani siku hizi inaitwa ya jeshi. Fungua pale betri, zile zilizotengenezwa kubeba redio za jeshi zilikuwa za volti 24, sio 12. Kama ni ile waliyoiita Lightweight utaitambua kwa macho, madigadi ya mbele yamekatwa bapa na bodi ni nyembamba, ilitengenezwa hivyo ili helikopta iweze kuibeba ikining'inia. Ukikuta volti 12 na bodi ya kawaida inaweza kuwa gari ya raia iliyovalishwa rangi, ingawa jeshi nalo lilikuwa na za volti 12, na hiyo sio mbaya hata kidogo, tena ni rahisi kuitunza, ila bila karatasi za kuthibitisha usilipie bei ya historia.

Logibuku iliyo kwa ndugu, hapana. Namba iliyogongwa kwenye chesisi mbele upande wa kulia karibu na springi lazima ifanane na ya logibuku, na namba ya injini hivyo hivyo. Wengi walishaweka injini za dizeli za Toyota, mimi sina ugomvi na hilo kama gari ni ya kazi, lakini kama mabadiliko hayakuandikishwa ofisi ya usajili mzigo unakuwa wako. Na kuagiza nje, sahau. Tangu sheria ya Uganda ya 2018 gari yenye miaka 15 au zaidi tangu itengenezwe haingii kwa matumizi ya kawaida, ndiyo maana hizi zilizomo nchini tayari zinapanda bei na ndiyo maana inaniuma nikiona mtu anazikata kuuza chuma chakavu.

SWALI: Shikamoo Fundi. Baba yetu alifariki akaacha Land Cruiser FJ40 ya petroli hapa Fort Portal, imekaa bandani miaka mingi. Kaka zangu wanataka tununue betri tuiwashe tuone kama inalia. Mimi naogopa. Tufanye nini?

JIBU: Marahaba binti yangu, poleni kwa baba. Umefanya vizuri kuogopa, waambie kaka zako waache betri kwanza.

Injini iliyokaa hivyo, ringi za pistoni zinaweza kuwa zimeshika kwenye silinda, ukiipiga starta kwa nguvu unavunja kitu kilichokuwa kizima. Toeni plagi zote sita, mwageni oili kidogo kila tundu, iacheni siku kadhaa, halafu mzungushe injini kwa mkono na spana kwenye nati ya puli ya mbele. Ikizunguka taratibu bila kukwama, mshukuruni Mungu. Ikikataa msilazimishe, ongezeni oili na subira. Mwageni petroli yote ya zamani, osheni tenki na kabureta, badilisheni oili, mipira ya breki na fluidi ya breki. Gari isitembee hata mita kumi kabla breki hazijakaguliwa, tafadhali.

Tofauti na Land Rover, FJ40 bodi yake ni chuma, kwa hiyo angalia sakafu chini ya mikeka, kona za nyuma ya matairi ya nyuma, na fremu ya kioo cha mbele. Ukikuta matundu usikubali yajazwe puti na kupakwa rangi juu, kutu inaendelea kula chini kwa chini, ikatwe mpaka kwenye chuma kizima ndipo kiwekwe kipande kipya.

Na jambo moja la familia. Gari bado iko kwa jina la marehemu, kwa hiyo kabla ya kutia pesa nyingi nendeni ofisi ya Administrator General, ile ofisi ya serikali ya mambo ya mirathi, mpate barua ya kutokuwa na pingamizi, halafu mahakamani mpate barua za usimamizi wa mirathi. Nimeshuhudia gari nzuri ikigombaniwa na ndugu baada ya mmoja kuitengeneza kwa pesa yake.

SWALI: Fundi, naweza kupaka jeep yangu madoadoa ya jeshi? Niko Gulu.

JIBU: Usifanye hivyo kaka. Sheria ya UPDF, jeshi la Uganda, inamkataza raia kuwa na vitu ambavyo kwa kawaida ni vya jeshi peke yake, na huko Gulu watu wazima wana kumbukumbu zao za vita na magari ya madoadoa. Chukua kijani kibichi kimoja kizito kisichong'aa, au rangi ya mchanga, bila nyota wala namba za kikosi, inapendeza sana kwenye jeep. Kama ni rangi tofauti na iliyoandikwa kwenye logibuku, kaandikishe mabadiliko kabla hujaitoa gereji.