Kabla Hujalipia Chumba Paje, Tazama Mwezi

Mwaka 2012, siku ya tatu ya ndoa yetu, mimi na mume wangu tulishuka Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, saa nne na nusu asubuhi tukiwa na begi moja na hamu ya kuogelea. Tulipanda boti ya alfajiri kutoka Dar, tukakodi gari Mjini Unguja, tukapita Tunguu, tukapita Jozani bila hata kusimama kuwatazama kima punju. Chumba tulishakilipia, tena cha mbele kabisa, kile ambacho ukifungua dirisha unakutana na bahari. Nikafungua dirisha. Bahari haikuwepo.

Palikuwa na mchanga mweupe, madimbwi, majani yaliyolala ubavu, na mbali huko, karibu na upeo wa macho, mstari wa povu pale mawimbi yanapovunjikia mwambani. Katikati, wanawake wameinama, madira wameyafunga magotini. Mume wangu ni mtu wa Morogoro, bahari aliizoea ya Kigamboni. Akaenda mapokezi na sauti ya mtu aliyetapeliwa: "Samahani, bahari yenu iko wapi?" Kijana hakuinua hata macho. "Leo bamvua, kaka. Itarudi saa tisa."

Miaka miwili baadaye nilirudi peke yangu, kushika hesabu za nyumba moja ya wageni kwa miezi sita. Sijaondoka. Mume alinifuata, na sasa tuna vyumba vinne vyetu wenyewe, si ufukweni, ni nyuma, upande wa mtaani. Karibu kila wiki mtu wa Dar, Arusha au Dodoma ananiandikia: dada, Paje au Nungwi? Namjibu kwa swali: unakuja mwezi ukiwa wa ngapi? Mwezi wa juu, si ule wa kalenda ya ukutani.

Sababu ni hii. Mwambao huu wa mashariki mwa Unguja, kuanzia Michamvi, Bwejuu, Paje mpaka Jambiani, umekingwa na mwamba ulio mbali na ufukwe, na ndani ya mwamba huo maji ni haba, sakafu yake karibu tambarare. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita nne. Hiyo ndiyo bamvua. Kwenye sakafu tambarare, mita nne ni kama kilomita nzima ya nchi kavu inayotokeza na kupotea. Na saa zake hazibadiliki: siku za bamvua kubwa maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata husogea mbele kama dakika hamsini, mpaka mwezi ukifika nusu tunaingia maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haitoki sana, na asubuhi unaweza kuoga bila kusafiri kuifuata.

Kwa hiyo kama safari yako ni ya kuogelea, na una siku mbili tu, njoo mwezi ukiwa nusu. Kama unataka kuogelea saa yoyote ukiamka, nenda Nungwi au Kendwa, kule kaskazini bahari inashuka kina upesi na haiwakimbii watu. Nasema hivi na mimi nauza vyumba Paje. Nimechoka kurudishia watu hela.

Baada ya mwezi, upepo. Kaskazi huvuma kuanzia katikati ya Disemba hadi Machi hivi, kusi huvuma Juni hadi Septemba, na hapo ndipo anga ya Paje inapojaa kaiti, yale matiara makubwa yanayomvuta mtu juu ya ubao. Maji haba, upepo wa kutegemewa, mwamba unaovunja mawimbi: kwa mchezo huo huwezi kuomba zaidi. Kwa anayetaka kulala kivulini na kitabu ni adha, mchanga mpaka kwenye meno. Aprili na Mei ni masika, hoteli nyingi hufunga au hupunguza bei mpaka nusu. Mimi huwapeleka ndugu zangu mwishoni mwa Septemba na Oktoba, kusi ikishalegea na mvua za vuli hazijatulia kichwani. Bei hazijapanda, na wale wa kaiti wamekwenda zao.

Lakini ukija Paje ukadhani ni mji ulioota kwa ajili yako na likizo yako, utaondoka hujauona. Ardhi ya huku ni maweni, mawe ya matumbawe yenye udongo kiganjani. Mpunga haukubali, mikarafuu haikubali. Watu wa kusini walitazama bahari kwa sababu nyuma yao palikuwa na mawe. Wanaume ngalawa na madema, wanawake pweza mwambani na makumbi. Hayo makumbi ya nazi yalifukiwa mchangani miezi kadhaa, yakizungushiwa mawe maji yasiyachukue, kisha yakafukuliwa, yakapondwa, yakasokotwa kamba. Mpaka leo ukitembea maji yakiwa yametoka utakuta duara za mawe na harufu nzito inayowakimbiza wageni. Si choo, jamani. Ni kiwanda.

Mwaka 1989 ukaja mwani. Mbegu ilitoka Ufilipino, na Paje na Jambiani zilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza kuupanda kwa biashara. Vigingi viwili, kamba katikati, vishada vya mwani vimefungwa kwa vikamba vidogo wanavyoviita taitai. Unavunwa maji yakitoka, ndiyo maana wale wanawake tuliowaona siku ile walikuwa kazini saa nne asubuhi: bamvua kwao ni saa za ofisi. Mwani huo husafirishwa nje, unatolewa ute mzito unaoingia kwenye dawa ya meno, aiskrimu na mengineyo. Bei ya kilo nilipofika ilikuwa shilingi mia kadhaa tu. Hata hivyo mabibi wa hapa watakuambia wazi kwamba nyumba ile ya tofali, sare zile za skuli, na sauti yao ndani ya nyumba, vilitoka kwenye kamba hizo, si kwenye hoteli.

Hoteli zilikuja pamoja na mwani, karibu wakati mmoja. Zanzibar ilifungua milango ya biashara katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1985 wageni wa visiwa vyote hawakufika elfu ishirini. Mwaka 2024 walizidi laki saba. Paje ilianza na vibanda vya makuti na nyumba chache za wageni, taa za chemli. Wenye biashara wa zamani bado wanahadithia ile miezi mitatu ya kuanzia Disemba 2009 ambapo Unguja nzima ilikosa umeme, kila mtu na jenereta lake, samaki wakipikwa siku ileile kwa kuwa friji zilikuwa makabati. Nilipofika mimi barabara kuu ilikuwa na maduka ya kuhesabika. Sasa kuna mikahawa ya Kiitaliano, ofisi za watu wanaofanya kazi kwa kompyuta zao kutoka nchi nyingine, majengo ya ghorofa ya kuuzia watu makazi, na Wamasai wengi kuliko niliowahi kuwaona pamoja Morogoro.

Ugomvi wote wa mji huu uko ndani ya yale maji haba. Kaiti zinahitaji uwazi, mwani unahitaji vigingi, hoteli inataka ufukwe uonekane kama picha. Nimeona kamba zilizokatwa na ubao, na nimeona mtu wa kaiti akichechemea baada ya kukanyaga kigingi. Mahali nilipokuwa nikifanya kazi, mgeni mmoja alilalamika kuhusu mwani uliotupwa na maji mbele ya viti, na mwenye nyumba akaniambia nilipe vijana waufagie kila asubuhi. Nililipa. Jioni moja nikamkuta jirani yangu, bibi aliyeanza kufunga mwani kabla sijaanza skuli, akiokota kilekile tulichofagia akianike. Sikumtazama usoni.

Bahari nayo imebadilika. Aina ya kotonii, ile yenye bei nzuri, haivumilii maji yaliyopata joto, na kwenye maji haya ya pwani imekuwa ikifa kwa miaka. Imebaki spinosum, yenye bei ya chini. Baadhi ya wanawake wamehamia kina kirefu, ambako ni lazima ujue kuogelea, wengine wameacha, wengine wanausaga mwani kutengeneza sabuni na mafuta. Sabuni hizo zinunue, ni nzuri kweli, lakini zinunue kwa wanaozitengeneza, maana dukani Mjini utalipa mara mbili.

Sasa mambo madogo ambayo hakuna anayewaandikia wageni wa nyumbani. Sema mapema kwamba wewe ni Mtanzania na uliza bei ya wenyeji, ipo sehemu nyingi, ila hawaitangazi. Usichukue chumba cha mbele kwa sababu ya picha. Mita mia tatu nyuma bei ni nusu, feni inatosha, na asubuhi unapata chapati na supu ya pweza kwa bei ya mtaani. Ukitoka ufukweni kuvuka barabara kwenda mtaani, jitande kanga, na wewe kaka vaa fulana. Hapa watu wanaswali, watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani, na Mtanzania anayepita kifua wazi anasemwa zaidi ya Mzungu, kwa sababu yeye anategemewa kujua. Mwezi wa Ramadhani usile wala kuvuta njiani mchana. Shikamoo kwa kila mtu mzima, hata yule anayekuuzia nazi.

Mapapasi, wale madalali wa ufukweni, watakufuata mchangani na safari za pomboo, za mwambani, za viungo. Wengi ni vijana wa heshima wanaotafuta riziki. Patana kabla ya kupanda, uliza kama mafuta na chakula vimo, lipa mkirudi. Mimi nililipa kabla, mwaka ule ule wa fungate, kwa ngalawa ambayo hadi leo naingoja.

Viatu vya maji si urembo. Madimbwini kuna ile miiba ya bahari, myeusi, sindano zake zinakatikia ndani ya nyama. Ukichomwa usichimbe kwa pini. Mabibi wa hapa hupaka utomvu wa papai bichi, na kwangu ulisaidia, lakini mguu ukivimba nenda kituo cha afya, usisubiri papai.

Gari za daladala kutoka Mjini zipo, 309 ya Jambiani inapita Paje na 324 ya Bwejuu vilevile. Zinajaa, zinabeba na mchele na mabati, jioni zinaisha mapema. Kama boti yako inafika alasiri, panga taksi kabisa.

Na ukikuta bahari haipo, usikae chumbani kununa kama tulivyofanya. Nenda nje ukatembee, lakini geuka mapema. Hili hatukuambiwa. Siku ya pili tulikwenda mpaka karibu na mwamba, tukiokota makombe, tukipiga picha nyota za bahari. Maji yalipogeuka hayakuja kwa mbele kama tulivyodhani. Yalipitia mifereji, yakatuzunguka kwa nyuma, na tuliposhtuka kati yetu na ufukwe palikuwa na maji ya kiunoni yanayokwenda mbio. Mume wangu hajui kuogelea. Mwanamke mmoja aliyekuwa akirudi na gunia lake la mwani kichwani alitupigia kelele, akatuonyesha kwa mkono tupite kulia, juu ya mchanga ulioinuka, tukamfuata nyayo kwa nyayo, yeye na gunia, sisi na simu zetu juu ya vichwa. Tulipofika kavu tulimshukuru mpaka akachoka. Akalitua gunia, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akatutazama kuanzia juu mpaka chini.

"Nyie mnatoka wapi?"

Morogoro, tukasema.

"Na huko kwenu hakuna mwezi?"