Maswali ya Wasomaji: Kijana na Gongo la Halingi

SWALI: Wahariri, salaam. Tunaishi Limerick, Ayalandi, na mwanangu ana miaka 8. Wenzake shuleni wote wana magongo ya halingi, mchezo wa huku wa kupiga mpira mdogo kwa gongo lenye bapa, naye kila siku ananisumbua nimnunulie. Nianze na nini, na mchezo huu si utamvunja meno?
Mama wa mtoto mmoja, Limerick

JIBU: Anza na kofia, mama, gongo baadaye. Tangu tarehe 1 Januari 2010 kila mchezaji wa halingi, mkubwa kwa mdogo, hulazimika kuvaa kofia ngumu yenye wavu wa chuma usoni, mazoezini na kwenye mechi. Tafuta kofia yenye alama ya kiwango IS 355. Mvalishe, funga mkanda wa kidevuni, kisha mwambie atikise kichwa kwa nguvu. Kofia ikizunguka huku kichwa kikibaki nyuma, ni kubwa. Usikubali ile ya "atakua nayo". Ukipewa iliyotumika, kagua skrubu zote za wavu na uangalie kama kuna waya uliokatwa. Wachezaji wakubwa wengine hukata waya mmoja ili waone vizuri, na kofia iliyochezewa hivyo inaweza kukunyima fidia ya matibabu kutoka mfuko wa chama kinachosimamia mchezo, hata kama ada ya uanachama umelipa.

Kwa gongo, msimamishe wima, mikono ikining'inia, bapa la gongo likiwa chini kando ya mguu. Kichwa cha mpini kifike kwenye kifundo cha mkono. Ukisita kati ya saizi mbili, chukua fupi. Gongo refu humfanya mtoto ashike katikati ya mpini, na tabia hiyo ikishazoeleka kuiondoa ni kazi. Mkono wenye nguvu ndio unaokaa juu ya mpini. Watoto wengi hushika kinyume, kama wanaoshika jembe, na matokeo yake wanashindwa kubeba gongo kwa mkono mmoja huku mwingine ukidaka mpira.

Mpira wa watu wazima, uitwao sliotar, una uzito wa gramu 110 hadi 120, kiini cha koki na ngozi iliyoshonwa. Usimpe huo. Klabu zina mipira laini ya watoto. Hadi miaka 12 watoto hucheza kwa timu ndogo, bila fainali, na kila mmoja anapata nafasi uwanjani. Ukiona kocha anawaweka benchi wadogo wasio hodari, hiyo si klabu ya kumpeleka.

SWALI: Nimeona kwenye simu "Tipperary 3-27, Cork 1-18". Nani alishinda, na kwa ngapi?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Namba ya kwanza ni mabao, ya pili ni pointi. Mpira ukiingia chini ya mtambaa wa panya ni bao, nalo lina thamani ya pointi 3. Ukipita juu yake katikati ya milingoti ni pointi 1. Kwa hiyo Tipperary walipata 36 na Cork 21. Hiyo ni fainali ya timu za kaunti za Ayalandi nzima ya tarehe 20 Julai 2025, pale uwanja wa Croke Park, Dublin. Cork waliongoza kwa 6 wakati wa mapumziko, kisha kipindi cha pili kizima wakafunga pointi 2 tu.

SWALI: Ndugu wahariri, kijana wangu ana miaka 16 na ameitwa kwenye kikosi cha vijana cha kaunti. Walimu wanasema ana kipaji. Je, anaweza kuishi kwa halingi? Na je, mtoto wa mgeni anaweza kufika juu?
Baba, Dublin

JIBU: Hongera, mzee. Lakini pesa tuiseme waziwazi mapema, isije ikamharibia masomo: halingi haina mshahara. GAA, chama kinachousimamia mchezo tangu kuundwa kwake Thurles mwaka 1884, ni cha ridhaa. Anayecheza fainali mbele ya watu zaidi ya 82,000 huamka Jumatatu akaenda kazini. Mchezaji wa kaunti hurudishiwa nauli, na tangu 2008 kuna ruzuku ya serikali iliyopatikana kwa juhudi za chama cha wachezaji, GPA. Vyuo kadhaa hutoa ufadhili kwa wachezaji wazuri, na wachache wenye majina hupata matangazo ya biashara. Hakuna kununuliwa wala kuuzwa. Mtu huchezea klabu ya kwao, na kupitia klabu hiyo huitwa timu ya kaunti. Waliotaka kulipwa walilazimika kubadili mchezo: Setanta Ó hAilpín aliichezea Cork fainali ya 2003, kisha akaenda klabu ya Carlton kucheza mpira wa sheria za Australia. Kwa hiyo usiyahesabu masomo kuwa akiba ya siku mambo yakiharibika. Masomo ndiyo kazi yake. Walimu ni wengi sana katika vikosi vya kaunti, na saa za kazi zina sehemu katika hilo.

Ngazi zenyewe ni hizi. Klabu ndiyo msingi na haiachwi kamwe. Shuleni kuna mashindano makali: Munster, jimbo la kusini, wana Kombe la Harty, na kaunti ya Kilkenny shule ya St Kieran's imelea wachezaji wengi mno wa kaunti. Kisha timu ya kaunti ya chini ya miaka 17, halafu chini ya 20, huku chuoni kukiwa na Kombe la Fitzgibbon, lililoanza 1912. Juu kabisa ni timu kubwa ya kaunti na Kombe la Liam MacCarthy, la ubingwa wa Ayalandi nzima.

Hatari kubwa iko kati ya miaka 17 na 21, na hapo ndipo tunaomba ukae macho. Kijana mmoja anaweza kutakiwa na makocha wanne kwa wakati mmoja, na kila mmoja anaona mazoezi yake tu. Tangu 2022 msimu umegawanywa: kaunti hadi Julai, klabu baada ya hapo. Mgawanyo huo umesaidia, lakini kati ya Januari na Mei vijana bado wanabanwa, kwa kuwa mechi za shule au chuo, ligi na timu ya chini ya 20 hurundikana.

Fanya hivi. Weka daftari. Baada ya kila zoezi au mechi, mwulize: kwa kipimo cha 1 hadi 10, leo imekuwa ngumu kiasi gani? Zidisha na dakika. Zoezi la dakika 60 lenye ugumu wa 7 ni 420. Jumlisha ya wiki nzima, timu zote pamoja, ulinganishe na wiki nne zilizotangulia. Jumla ikiruka ghafla, mpigie simu kocha mmoja amwachie siku. Usimwachie kijana aombe mwenyewe. Hataomba, anaogopa kupoteza namba.

Misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayochanika mara nyingi, hasa kwenye mbio za kasi mwili ukiwa umechoka. Kinena ni kibaya zaidi kwa sababu huanza polepole. Mlaze chali, magoti yakiwa yamekunjwa, weka ngumi yako katikati ya magoti, mwambie aibane. Akisikia maumivu kinenani, apelekwe kwa mtaalamu wa viungo kabla ya zoezi linalofuata. Vidole vya mkono unaodaka huvunjika pia, maana mara nyingi hauna kinga. Hakikisha timu inafanya mazoezi ya kupasha moto ya GAA 15, ambayo huchukua kama robo saa. Na akipigwa kichwani akaonekana kuduwaa, siku hiyo amemaliza, hata kama ni fainali.

Jambo jingine linalowaponza vijana ni hasira. Darragh McCarthy wa Tipperary alikuwa na miaka 19 mwaka 2025. Katika mechi ya Munster dhidi ya Cork alipewa kadi nyekundu kabla mpira haujarushwa kuanza mechi. Nusu fainali dhidi ya Kilkenny akatolewa tena, safari hii kwa kadi mbili za njano. Fainali alicheza kwa sababu nyekundu ya njano mbili haimfungii mtu mechi inayofuata, wakati nyekundu ya moja kwa moja humfungia. Akafunga 1-13. Mwaka huohuo alikuwa ametwaa ubingwa wa chini ya miaka 20. Tunamtaja kwa heshima: kutolewa mara mbili halafu kusimama mbele ya uwanja uliojaa na kupiga mipira ya adhabu bila kutetemeka ni ukomavu ambao wengi hawaupati hata wakiwa na miaka 30.

Kuhusu ugeni, usiwe na shaka. Zak Moradi, Mkurdi aliyezaliwa Iraq, alifika Leitrim akiwa mtoto mwaka 2002. Mwaka 2019 alitwaa Kombe la Lory Meagher, la kaunti za daraja la tano, na Leitrim, Croke Park.

SWALI: Gongo langu jipya limepasuka wiki ya tatu. Nimeibiwa?
Mwanafunzi, Cork

JIBU: Huenda, au ni uhaba. Gongo zuri hutoka kwenye mti wa ash, sehemu ya chini kabisa ya shina, kama mita 1.3, pale linapotanuka kuelekea mizizi. Hapo nyuzi za mbao zinapinda zenyewe kufuata bapa. Kabla ya kununua, zifuate kwa jicho: ziteremke kwenye mpini na kupinda na bapa bila kukatika ukingoni. Zikikatika shingoni, litapasuka hapohapo. Ugonjwa wa ukungu unaoua miti hiyo uligunduliwa Ayalandi 2012, na sehemu kubwa ya mbao sasa huagizwa nje. Baadhi ya mafundi wameanza kutengeneza kwa mianzi. Lako jipya lipake mafuta ya kitani, usiliache kwenye buti la gari wala karibu na hita, na mkanda wa bati unaozunguka bapa ukilegea upigiliwe siku hiyohiyo.

SWALI: Binti yangu naye?
Mama, Galway

JIBU: Naye, bila shaka. Mchezo wa wanawake unaitwa camogie, una chama chake tangu 1904, na sheria zinakaribiana sana. Tangu Mei 2025 wachezaji wanaruhusiwa kuvaa kaptura badala ya sketi.

SWALI: Kila nikijaribu kunyanyua mpira kwa gongo, unanikimbia mbele. Nakosea wapi?
Kijana wa miaka 13, Dublin

JIBU: Umesimama wima mno, ndugu yetu. Kuuokota kwa mkono kutoka chini ni faulo, kwa hiyo mbinu hii lazima uimudu. Weka mguu wa mbele kando ya mpira, kunja magoti na mgongo hadi kichwa kiwe juu ya mpira. Laza gongo karibu sambamba na ardhi, vidole gumba vikielekea kwenye bapa, kisha sukuma ncha chini ya mpira kwa haraka na uudake kwa mkono mwingine. Gongo likiwa limeinuka, ncha huugonga ubavuni badala ya kupita chini yake, ndiyo maana unakimbia. Anza ukitembea, kisha ukikimbia taratibu, halafu mwenzako akisukumana nawe bega kwa bega.