Jibu: Mawaridi yanainamisha vichwa siku ya pili

Umesema mawaridi yako yaliinama shingo siku ya pili ingawa chombo kilijaa maji. Shida si uchache wa maji, ni kwamba hayapandi. Bua likikaa nje ya maji, hewa huingia kwenye mirija yake. Maji yakichafuka, bakteria huiziba. Ua linakufa kiu huku limesimama majini.

Ukiwahi, unaweza kuyaokoa. Chukua kisu kikali (mkasi butu huponda bua), ukate sentimita 2 hadi 3 kwa mshazari, bua likiwa ndani ya beseni la maji. Ng'oa kila jani litakalozama. Yaliyolegea yafunge kwa karatasi ili yasimame wima, kisha yaache saa moja au mbili kwenye maji ya vuguvugu yanayofika karibu na shingo.

Maji ya chombo: lita 1, sukari kijiko 1 cha chai, maji ya limau vijiko 2, na robo kijiko ya klorini ya kufulia isiyo na manukato. Sukari bila klorini ni kuwalisha bakteria tu. Badilisha kila baada ya siku 2 na usugue chombo kwa sabuni. Ule utelezi wa ndani ndio adui mwenyewe. Usiyaweke karibu na ndizi mbivu, zinatoa gesi ya ethilini inayozeesha maua.

Ukiagiza tena, mtajie muuzaji siku unayoyahitaji na uombe matumba yaliyoanza kufunguka. Yakifika, minya taratibu sehemu ya chini ya ua. Likibonyea kama sponji, limekaa sana dukani; rudisha.