Maswali ya Wasomaji: Nambari ya Kwenye Cheti cha Maji Inatoka Wapi?

Tangu tulipoomba maswali kuhusu maji ya kunywa, barua nyingi zimeuliza jambo moja kwa maneno tofauti: ile nambari inayoandikwa kwenye cheti cha maabara imepangwa na nani, kwa hesabu gani, na inamaanisha nini kwa mtu anayeteka ndoo yake alfajiri? Tumechagua barua tano. Baadhi tumezifupisha.

Mimi ni mwalimu na mjumbe wa kamati ya maji katika kijiji kimoja wilayani Arumeru. Kisima chetu kirefu kilipimwa mwaka 2015, kikakutwa na floraidi miligramu 3.1 kwa lita, tukaambiwa kinafaa. Mwaka jana kimepimwa tena. Nambari ni ileile, lakini cheti kinasema hakifai. Wazee wanauliza: tulidanganywa wakati ule au tunadanganywa sasa?

Hamkudanganywa wakati wowote kati ya hizo mbili, Mwalimu, ingawa naielewa hasira ya wazee. Kilichobadilika ni kikomo. Kiwango cha Taifa cha maji ya kunywa, TZS 789, kiliruhusu floraidi hadi miligramu 4 kwa lita. Toleo la mwaka 2018 likashusha kikomo hicho hadi 1.5, ambacho ndicho kilichomo katika kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki na katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani. Ukirudi nyuma zaidi, viwango vya muda vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8.

Waliopanga 8 hawakuwa wajinga. Uhusiano wa floraidi na meno ya kahawia ulikuwa umechunguzwa tangu miaka ya 1930 na daktari wa meno wa Marekani, H. Trendley Dean, aliyelinganisha meno ya watoto wa mji mmoja na mwingine kulingana na maji waliyokunywa. Shida ya Tanzania ilikuwa kwamba katika miteremko ya Meru na Kilimanjaro na sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, miamba ya volkano huyapa maji floraidi nyingi, na kikomo kikali kingefunga vyanzo vingi bila kuwapa watu chanzo mbadala. Mtu aliyefungiwa kisima hurudi kwenye dimbwi, na maji ya dimbwi humwua mtoto kwa kuhara katika siku chache, ilhali floraidi huchukua miaka kuonyesha madhara yake. Kwa hiyo nambari ya kiwango ina mambo mawili ndani yake: ushahidi wa kitaalamu, na uamuzi wa watu kuhusu madhara yapi yavumiliwe kwa wakati fulani. Serikali inapobadilisha nambari bila kueleza uamuzi ulio nyuma yake, ndipo wazee huhisi wamechezewa, na kwa hilo siwalaumu.

Sasa kuhusu hiyo 3.1. Maji yakizidi 1.5, meno ya watoto huanza kupata madoa. Floraidi ikiwa kati ya miligramu 3 na 6 kwa muda mrefu, mifupa nayo inaweza kuathirika. Ulemavu mkubwa wa mifupa kwa kawaida huonekana pale maji yanapozidi 10. Kisima chenu kinagusa ukingo wa kundi la pili. Wanaopaswa kushughulikiwa kwanza ni watoto walio chini ya miaka minane, kwa kuwa huo ndio umri ambao meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi. Katika hesabu za Shirika la Afya Duniani, mtu mzima huchukuliwa kuwa na kilo 60 na kunywa lita 2 kwa siku, na mtoto mdogo kuwa na kilo 10 na kunywa lita 1. Gawanya mwenyewe: kwa kila kilo ya mwili, mtoto anapata mara tatu ya kile anachopata baba yake kutoka kisima kilekile.

Msichemshe maji mkidhani floraidi itaondoka. Kuchemsha huua vijidudu, lakini madini hubaki sufuriani huku maji yakipungua: lita 10 za maji yenu zikichemka hadi kubaki 9, floraidi inapanda kutoka 3.1 hadi karibu 3.4. Kinachosaidia ni kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya wanyama, ambao Kituo cha Utafiti cha Ngurdoto, hapo hapo wilayani kwenu, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. (Waumini huuliza ni mifupa ya mnyama gani, nao wana haki ya kuuliza, waelezwe wazi tangu mwanzo.) Mkaa huo huchoka, na ukichoka maji hayabadiliki ladha wala rangi, kwa hiyo chujio lisilopimwa mara kwa mara ni pambo tu. Njia rahisi zaidi, kama mnaweza kupata maji ya mvua au ya chemchemi yenye floraidi ndogo, ni kuchanganya: ndoo mbili za maji yenye 0.5 mkizichanganya na ndoo moja ya kisima mtapata karibu 1.4, na maji ya kisima yasiyochanganywa yatumike kufulia na kuogea.

Tena, angalieni magadi. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande ili yaive upesi yanaweza kubeba floraidi nyingi, na kuna maeneo ya Kilimanjaro ambako watoto walikutwa na madoa ya meno ingawa maji yao hayakuwa na tatizo.

Nasoma afya ya jamii Kampala. Je, nchi inalazimika kufuata nambari za Shirika la Afya Duniani? Kama ndiyo, mbona Marekani wana nambari zao?

Hailazimiki. Mwaka 1958, kisha 1963 na 1971, shirika hilo lilitoa kitabu kilichoitwa Viwango vya Kimataifa. Toleo lililoanza kutoka mwaka 1984 likaitwa Miongozo, na mabadiliko hayo ya jina yalikuwa ya makusudi: nambari inayotolewa Geneva, makao makuu ya shirika hilo, ni mahali pa kuanzia, na kila nchi inatarajiwa kuipima kwa hali ya hewa yake, kiasi cha maji ambacho watu wake hunywa, chakula chao, na uwezo wao wa kusafisha na kupima, kisha ndipo itunge sheria. Mfano wa Marekani ni mzuri kwa sababu unashangaza: tangu mwaka 1986 kikomo chao cha kisheria cha floraidi ni miligramu 4, kilichowekwa kuzuia ulemavu wa mifupa, na pembeni yake wakaweka 2 kama pendekezo la kulinda meno. Walijiuliza swali tofauti, wakapata jibu tofauti.

Hata nambari zilizomo ndani ya Miongozo yenyewe si za aina moja. Ile ya aseniki (madini yenye sumu), mikrogramu 10 kwa lita, inaitwa ya muda, maana ilipangwa kwa kuangalia pia kile ambacho mitambo na maabara zinaweza kukifikia. Haimaanishi kwamba chini ya hapo hatari imekwisha. Ukikutana na nambari yoyote katika masomo yako, tafuta kwanza ilikusudiwa kulinda nini.

Maji ya bomba hapa Temeke siku nyingine yananuka dawa kama bwawa la kuogelea. Mama mkwe amekataa kuyanywa, anasema yatatuletea maradhi. Ni nani kati yetu aliye sahihi?

Mpe mama heshima yake kwa kuwa pua yake inafanya kazi, kisha umwonyeshe hesabu hii, kwani ndiyo mfano mzuri kuliko yote wa jinsi kiwango elekezi cha kemikali kinavyotungwa.

Dawa mnayoinusa ni klorini, inayotiwa kuua vijidudu. Wataalamu waliwapa panya maji yenye klorini kwa miaka miwili, wakatafuta dozi ambayo haikuleta madhara yoyote. Wakaipata: miligramu 15 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Wakaigawa kwa 10 kwa sababu mtu si panya, wakaigawa tena kwa 10 kwa sababu watu hawafanani, wapo wadhaifu na wapo wenye nguvu. Ikabaki 0.15. Mtu wa kilo 60 anaweza basi kupata miligramu 9 kwa siku. Akinywa lita 2, kila lita iwe na 4.5, nambari ambayo ilisogezwa hadi 5. Hicho ndicho kiwango elekezi cha klorini. Wapo watu wanaoihisi klorini ikiwa imefika 0.3 tu, kwa hiyo harufu pekee haithibitishi kwamba kikomo kimepitwa.

Upande wa pili wa mizani ni vijidudu. Inashauriwa klorini iliyobaki kwenye maji iwe angalau 0.5 baada ya kukaa nayo dakika 30, na isipungue 0.2 inapofika kwenye bomba la mlaji, ili mabomba yanayovuja njiani yasiyachafue maji upya. Kwa hiyo maji yasiyonuka kabisa, hasa msimu wa mvua, yanaweza kunipa wasiwasi zaidi kuliko hayo yenu. Mkiyaacha kwenye chombo kipana kwa saa kadhaa harufu hupungua, ila na kinga yake hupungua vilevile, kwa hiyo chombo kifunikwe kwa kitambaa safi na maji yanywewe siku hiyohiyo. Harufu ikiwa kali ya kuchoma macho, iarifuni mamlaka ya maji na mwombe wapime mbele yenu. Kipimo cha klorini ni cha dakika chache tu.

Kisima changu cha Kigamboni kina kloridi inayozidi miligramu 250 kwa lita. Je, ninakunywa sumu?

Hapana. Kloridi ni ya kwenye chumvi, si ile klorini ya kuua vijidudu. Hiyo 250 ni mahali ambapo ulimi huanza kulalamika, na Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya kwa kloridi. Mwenye shinikizo la damu amwulize daktari wake, kwa sababu chumvi ya maji hujumlishwa na ya chakula. Kinachonihangaisha mimi ni kitu kingine: kama nambari hiyo inapanda kila mwaka, basi huenda mnavuta maji kupita kiasi na bahari inasogea chini ya nyumba zenu. Andika matokeo ya kila kipimo pamoja na tarehe, uyalinganishe na ya jirani.

Sisi ni chombo cha watumia maji katika wilaya ya Mvomero, tuna mradi wa maji ya mserereko kutoka chemchemi ya mlimani. Tunataka kuandika miongozo yetu ya usalama. Tumepanga kupima maji maabara mara moja kwa mwaka. Inatosha?

Haitoshi, na hata mkipima mara kumi haitatosha, kwa sababu mnaanzia mwisho.

Kipimo kinachoheshimika kuliko vyote kwa vijidudu ni kwamba bakteria wa kinyesi, E. coli, asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji. Kipimo hicho huchukua saa 18 hadi 24 maabara, mbali na safari ya sampuli ndani ya barafu. Majibu yakija, maji yaliyopimwa yameshanywewa. Katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, mwezi Mei 2000, mvua kubwa ilisomba samadi hadi kwenye kisima kifupi cha mji. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,300 wakaugua. Kanada haikukosa viwango. Kilichokosekana ni klorini ya kutosha, na wahudumu walikuwa wakijaza daftari kwa nambari ambazo hawakuzipima. Zaidi ya hayo, majibu mabaya ya maabara yalipokuja, msimamizi hakuwaambia watu wa afya.

Miaka minne baadaye, toleo la tatu la Miongozo ya Shirika la Afya Duniani, la 2004, likaweka katikati kitu kinachoitwa mpango wa usalama wa maji. Wazo lake limetoka kwenye viwanda vya chakula, hasa kazi ya kuandaa chakula cha wanaanga: huwezi kufungua kila pakiti uipime, kwa hiyo unalinda kila hatua ya utengenezaji. Ninyi nanyi tembeeni njia nzima ya maji yenu kwa miguu, kutoka chemchemi hadi mtungi wa nyumbani, mkiwa na fundi, mwanamke anayeteka kila siku, na mfugaji ambaye ng'ombe wake hunywa juu ya chanzo. Mfugaji asiachwe. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa chanzo chenu kuliko mhandisi yeyote.

Kila mnaposimama, ulizeni: uchafu unaweza kuingiaje hapa? Uzio umebomoka? Mtaro wa kukinga maji ya mvua umeziba? Kifuniko cha tangi kinafungwa? Bomba linapita kwenye korongo lenye choo juu yake? Kisha kwa kila hatari andikeni dalili ambayo mtu wa kawaida anaweza kuiona, nani ataiangalia, siku gani, na atafanya nini akiikuta. Kwa mfano: maji ya tangi yakiwa na tope baada ya mvua, mlinzi wa mradi anafunga koki ya tangi siku hiyohiyo bila kusubiri mwenyekiti, anapiga simu RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani, na gati zote, yaani vituo vya kutekea maji, zinatangaziwa kuchemsha maji. Maneno "bila kusubiri mwenyekiti" msiyaache, maana nimeona miradi ambayo mwenyekiti alikuwa msibani na kijiji kikanywa tope siku tatu.

Klorini ipimwe kila siku kwenye gati la mwisho kabisa, kwa kifaa cha mkononi, na anayepima aandike alichokiona hata kama ni sifuri. Ile safari ya maabara ya kila mwaka iendelee, lakini ipelekeni mwezi wa mvua kubwa wakati chanzo kiko katika hali mbaya zaidi, na ongezeni safari ya pili kiangazi. Kwa kipimo cha kwanza kabisa ombeni pia floraidi, naitreti na aseniki. Zikiwa chini ya kikomo na mazingira ya chanzo hayajabadilika, hizo hazihitaji kurudiwa mara kwa mara kama E. coli, na fedha itakayobaki nunueni kufuli ya tangi.