Jibu: Kasi ya kupungua kwa unene wa vazi la shujaa

Ndugu, umeuliza jinsi ya kupata kasi ya kupungua kwa unene wa kitambaa cha mkono wa vazi la shujaa pale msuli unapovimba, nusukipenyo r kikiongezeka kwa sentimita 0.5 kila sekunde na urefu h wa sentimita 60 ukibaki uleule; tena ukatilia shaka alama ya kutoa kwenye jibu.

Eneo la kitambaa, A = 2πrh (mkono ukichukuliwa kama silinda), ni jepesi: ukilinyambua kwa kufuata muda, yaani ukitafuta kasi yake ya kubadilika, unapata 2πh × dr/dt (dr/dt ni kasi ya kubadilika kwa r) = 60π, yaani takriban sentimita za mraba 188.5 kwa sekunde. Utamu uko kwenye unene, e. Kwa kuwa kitambaa ni kilekile, ujazo wake 2πrhe haubadiliki, na kwa hiyo zao la r na e halibadiliki pia; nyambua zao hilo upate r × de/dt + e × dr/dt = 0. Pale r inapofika sentimita 10 na e milimita 2, de/dt = −(2 ÷ 10) × 0.5, yaani −0.1: kitambaa kinapoteza milimita 0.1 kila sekunde. Ile alama ya kutoa uliyoitilia shaka ni sahihi kabisa.

Nakusihi usiweke 10 mahali pa r kabla ya kunyambua, kwa sababu kinyambuo cha namba isiyobadilika ni sifuri, nawe utadhani vazi halikutanuka hata kidogo.